Mlio wa Kusaga katika Transfa: Hotuba Iliyosomwa Tibirinzi



Tumetakiwa tuseme maneno machache juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la mafundi peke yao, nalo ni ule mlio wa kusaga usikikao chini ya magari yaendeshwayo kwa magurudumu yote manne, hayo ambayo sote twayaita fowili. Tumelikubali kwa furaha, maana twajua ya kwamba katika kisiwa hiki gari la namna hiyo si gari la fahari. Ndilo lichukualo chanjo, na mkaguzi wa skuli, na mpima ardhi, na bwana shamba; na masika yakishika, njia za mashamba zikageuka utelezi, mara nyingi ndilo peke yake liwezalo kupanda mlima na mgonjwa ndani yake. Likiwekwa juu ya magogo miezi miwili kwa kungoja beringi, waumiao si wenye gari.

Tena liko la pili, nalo twalisema wazi. Gari likianza kusaga, mtu wa kwanza kutazamwa kwa jicho baya ni dereva. Huambiwa kwamba ameingiza gia kwa nguvu, kwamba ametumia fowili pasipostahili, kwamba hakutazama oili. Huenda ni kweli, na huenda si kweli. Lakini dereva asiyeweza kueleza mlio ulianza lini na husikika wakati gani hana la kujitetea. Kwa hiyo haya tutakayoyasema ni elimu ya chuma, na pia ni kinga ya jina la mtu.

Transfa ni nini? Giaboksi tuliyoizoea hupokea nguvu za injini. Transfa ni sanduku la pili lililofungwa nyuma yake, na kazi zake ni mbili. Ya kwanza ni kugawa nguvu hizo, nyingine ziende kwa propela ya nyuma na nyingine kwa propela ya mbele. Ya pili ni kutoa safu mbili za mwendo: ya kawaida, ambayo alama yake ni H, na nzito, ambayo alama yake ni L, ambapo gari huenda polepole likawa na nguvu zaidi ya maradufu. Ndani yake mna gia, na shafti, na beringi, na vipande vya kuungia vyenye meno, na katika magari mengine mna mnyororo badala ya gia. Vyote hivyo huoga katika oili. Hakuna zaidi ya hayo, wala hakuna uchawi.

Magari haya si mageni duniani. Mwaka 1908 huko Clintonville, katika jimbo la Wisconsin la Marekani, mafundi wawili, Otto Zachow na William Besserdich, walikuwa wakitengeneza gari la kuvuta kwa magurudumu manne. Na katika Vita vya kwanza malori ya kampuni iliyotokana na kazi yao yalikwenda vitani Ulaya. Jeep ikafuata katika Vita vya pili, kisha Land Rover ikaonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na Toyota ikatoa gari lake la kwanza la namna hii mwaka 1951, lile ambalo baadaye liliitwa Land Cruiser. Twataja habari hizi kwa ajili ya jambo moja tu. Land Rover za miaka ile ya kwanza zilikuwa na fowili wakati wote, na ndani yake mkawekwa kifaa cha kuyaachia magurudumu ya mbele yatangulie yanapohitaji. Yaani watengenezaji walijua tangu siku ya kwanza ugonjwa ambao hata leo madereva wetu wanalaumiwa kwao, nao ndio tutakaoanza nao, kwa sababu huo ndio uletao kelele nyingi kuliko zote, ijapokuwa hakuna kilichovunjika.

Gari likipinda kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Tuchukue gari ambalo toka ekseli ya mbele hata ya nyuma ni mita 2.8, na tuseme katikati ya ekseli ya nyuma yachora duara ambalo toka kitovu hata ukingoni ni mita 6. Katikati ya ekseli ya mbele haitapita humo. Itachora duara la mita 6.62. Katika robo ya duara, ambayo ni kona ya kawaida ya mjini, nyuma itakwenda mita 9.4 na mbele mita 10.4. Tofauti ni karibu mita nzima. Gurudumu lenye upana wa sentimita 76 toka ukingo hata ukingo husafiri mita 2.39 kila lizungukapo mara moja. Na difu zetu nyingi huzungusha propela kama mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu. Basi kwa kona hiyo moja propela ya mbele yataka kuzunguka zaidi ya ya nyuma kwa mzunguko mmoja na theluthi mbili. Lakini transfa imekwisha zifunga pamoja, na haziwezi kuachana hata kwa unywele.

Katika matope hapana taabu, kwa kuwa gurudumu moja litateleza kidogo na deni litalipwa. Juu ya lami kavu hakuna kitelezacho. Nguvu hujikusanya katika meno ya gia na katika propela, kama kamba inayosokotwa. Usukani huwa mzito, tairi hulia, chini hugonga na kusaga, na dereva akitaka kutoa fowili mkono wa gia hukataa. Hapo mtu asiyejua huuvuta kwa miguu yote miwili akiukanyagia ubao, na meno yaliyokuwa mazima huanza kukatika. Dawa yake ni nyepesi: rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, kamba itajisokotoa, na mkono utatoka kwa vidole viwili.

Jambo hili lina maana ya pekee kwetu. Ile tufani ya mwaka 1872 ilipoangusha mikarafuu ya Unguja, mashamba ya Pemba yalisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu imekuwa mazao ya vilima vyetu. Njia za karafuu hupanda na kushuka katika udongo mwekundu, kisha ghafula hutokea katika lami ya kwenda Wete au Mkoani. Dereva akitoka shamba na fowili imo, akasahau dakika chache tu, huwa ameiingiza transfa yake katika msukosuko ambao watengenezaji hawakuukusudia. Yale magari ya baadaye yenye fowili wakati wote, mathalani Range Rover ya mwaka 1970 na Land Rover One Ten ya 1983, yametiwa difu ya tatu katikati ili kona ilipwe humo. Lakini difu hiyo ikifungwa kwa ajili ya matope, na ikaachwa imefungwa juu ya lami, mambo ni yale yale.

Na tairi? Hapa twaomba makarani wa stoo watege sikio. Tairi mpya mbili zikitiwa mbele, nyuma zikabaki zilizolika milimita 10, upana wa gurudumu la nyuma hupungua sentimita mbili. Katika kilomita moja ya njia iliyonyooka la mbele litazunguka mara 419 na la nyuma mara 430. Toka Chake Chake hata Wete, yapata kilomita 30, tofauti imepita mizunguko mia tatu, wala kona haijahesabiwa. Gari hilo halifai kutiwa fowili juu ya njia ngumu hata kwa mwendo mfupi, na aliyeagiza tairi mbili badala ya nne kwa kuhurumia fungu la fedha huenda akalipa transfa.

Sasa tuseme mlio umebaki hata baada ya kutoa fowili na kusawazisha tairi. Watu wengi huuliza, unatoka wapi? Sisi twasema swali la kwanza liwe, unatoka lini? Sikio hudanganywa kuhusu mahali, maana chuma huchukua sauti toka mwisho hata mwisho wa gari. Halidanganywi kuhusu wakati.

Anza gari likiwa limesimama, injini inazunguka, gia haimo. Ukisikia mngurumo, kanyaga klachi. Ukinyamaza, basi tafuta katika giaboksi, kwenye beringi ya shafti inayoingia. Ikiwa kinyume chake palikuwa kimya, na mlio umeanza ulipokanyaga, hiyo ni beringi ya klachi yenyewe. Transfa haimo katika shauri hilo, na asiifungue mtu.

Kisha weka mkono wa transfa katikati, pasiwe H wala L, na uingize gia moja moja katika giaboksi. Gari halitakwenda, lakini giaboksi yote itazunguka pamoja na mlango wa transfa. Mlio ukisikika katika gia ya pili na ya tatu, ukakoma katika ya nne, kosa ni la giaboksi, kwa kuwa katika magari mengi gia ya nne hupita moja kwa moja bila kubeba uzito juu ya shafti ya chini. Ukisikika katika zote kwa namna moja, hapo transfa imeanza kushukiwa.

Baadaye tembea. Shika mwendo wa kilomita 40 katika njia tambarare, kanyaga klachi, toa gia, uliache gari liserereke. Mlio ukibaki vile vile na kupungua pamoja na mwendo, hautegemei injini; utafute katika beringi za kutokea za transfa, katika propela na misalaba yake, katika difu na katika beringi za magurudumu. Ukibadilika gari likiegemea kulia au kushoto, gurudumu. Ukiwa na sauti moja unapovuta na sauti nyingine unapoachia mafuta, aghalabu difu. Ukitokea katika L peke yake, gia za safu nzito. Ukitokea katika H na L pia, beringi na gia zitumikazo kwa zote mbili.

Kuna na kelele ya kuingiza. Katika magari mengi safu ya L haikufanywa iingizwe gari likiwa mbioni, na mwenye kuiingiza hivyo husikia meno yakikwaruzana. Huo si ugonjwa, ni malalamiko. Bali gari likiwa limesimama kabisa na klachi imekanyagwa mpaka chini, kisha gia ikakwaruza, mtazame klachi, yamkini haiachii sawasawa. Na L ikiruka yenyewe kutoka mahali pake gari likipanda mlima, usikimbilie ndani ya sanduku. Tazama kwanza vyuma vya kuunganishia mkono wa gia, na mipira ishikayo injini na giaboksi. Mipira ikichoka, sanduku hucheza kwa kila mvuto, nalo hujitoa gia lenyewe.

Tumeona gari moja la idara ambayo hatutaitaja. Lilikuwa likisaga kwa mwendo mdogo, nje ya fowili. Gereji iliifungua transfa, ikatia beringi mpya, na mlio ukabaki. Ikaifungua mara ya pili. Muda wote huo kazi za nje zikifanywa kwa pikipiki ya kuazima, na dereva alikwisha andikiwa barua ya onyo. Mwishowe utingo, kijana asiye na cheti chochote, alipokuwa akiosha matope aliona ya kwamba kile kitufe cha habu ya mbele upande wa kushoto, ambacho huzungushwa kwa mkono kuunga na kuachia gurudumu, hakikufika kwenye alama yake. Kilikuwa nusu ya njia kwa sababu ya grisi ya zamani iliyoganda, na meno ya ndani yakigusana na kuachana. Habu ilifunguliwa, ikasafishwa, ikatiwa grisi mpya, na gari likanyamaza. Kazi ya saa moja. Ile barua ya onyo, kwa kadiri tujuavyo, ingali katika faili.

Kwa sababu hiyo twashauri jaribio la habu litangulie kila gharama: zifungue zote mbili mpaka mwisho, endesha bila fowili, usikie. Propela ya mbele hapo imesimama. Mlio ukikoma, transfa haina hatia mpaka kila kilicho mbele kimetazamwa.

Tumefika kwenye oili, na hapa ndipo penye ushahidi ulio bora kuliko masikio ya fundi yeyote. Weka gari mahali tambarare, jambo ambalo kwa vilima vyetu lataka kutafutwa, na ulipumzishe. Fungua kizibo cha ubavuni. Oili yafaa iwe imefika ukingo wa chini wa tundu. Land Rover za Series huchukua kama lita mbili na nusu tu katika transfa, kwa hiyo tone moja moja lidondokalo usiku kwa miezi ni jambo kubwa. Fungua na kizibo cha giaboksi pia. Katika magari mengine masanduku haya mawili hutenganishwa na sili moja tu. Sili ikilika, oili huhama, sanduku moja likafurika na jingine likakauka, wala chini pasionekane tone. Akiongeza kwenye lililopungua bila kutazama la pili, mtu ameficha ugonjwa.

Kisha mimina kidogo juu ya kitambaa cheupe. Oili iliyokuwa nyeupe kama maziwa imeingiwa na maji. Hilo hutokea hasa pale gari lililotoka mbali, sanduku lina joto, linapotumbukizwa katika bonde la mpunga lililofurika au pwani wakati wa bamvua: hewa ya ndani hupoa ghafula na kujikunja, ikavuta maji kupitia sili, na zaidi kama kijibomba cha kupumulia kimezibwa na tope. Maji ya chumvi hayasubiri. Oili hiyo imwagwe siku ile ile. Harufu ya kuungua ni dalili ya kukaukiwa. Na kizibo cha chini, ambacho katika magari mengi kina sumaku, kitazamwe kwa mwangaza wa jua. Uji mweusi laini kama masizi ni wa kawaida. Vipande bapa ving'aavyo ni vya beringi inayomenyeka. Kipande chenye pembe ni jino. Chembe za manjano zisizoshikwa na sumaku ni za shaba, na ukiziona nyingi, uliza pia ni oili gani iliyotiwa, kwa kuwa ziko oili nzito zenye dawa kali zilizo nzuri kwa difu lakini huila shaba polepole. Kitabu cha gari ndicho chenye hukumu hapo, wala si rangi ya kopo.

Twaomba sana juu ya usalama wa mtu alalaye chini ya gari. Katika Land Rover za Series na Defender za zamani breki ya mkono haishiki magurudumu. Hushika ngoma iliyo nyuma ya transfa. Ukiondoa propela ya nyuma, au ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, breki hiyo haizuii kitu, na gari lililoegeshwa juu ya mteremko litakwenda. Hali kadhalika katika gari lolote, transfa ikiwekwa katikati, gia uliyoiacha ndani haishiki tena. Magogo yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu kabla ya jaribio lolote tulilolitaja. Wala asiinue mtu gurudumu moja peke yake akawasha injini na fowili imo. Yale matatu yaliyobaki chini yatalitupa gari juu ya jeki.

Kama vipande vya jino vimeonekana, gari lisiendeshwe tena hata hatua za kufika gereji, maana jino lililovunjika huingia kati ya mengine. Livutwe, propela zikiwa zimefunguliwa kama kitabu kinavyosema.

Jambo la mwisho ni la daftari. Twapendekeza kila gari liwe na daftari dogo katika kisanduku cha mbele, na dereva aandike siku, kilomita, safu iliyokuwamo, mlio ulianza lini na ulikoma lini, na siku oili ilipotazamwa; na mkuu wake atie saini hapo hapo, si mwisho wa mwezi. Daftari la namna hiyo likiwekwa mbele ya kamati, barua ya onyo itabidi itafute sababu nyingine. Tumeshamwomba Katibu alipeleke shauri hili kwa wakuu wa idara.

Wenye magari yenye mlio na wayalete hapa nje baada ya swala ya alasiri, yakiwa na matope yake na oili yake ile ile, bila kuoshwa wala kumwagwa. Kitambaa cheupe tunacho.